Acheni kuabudu feni

Kuna sentensi moja ambayo nikiikuta tena kwenye ukurasa wa magari, gazeti lenyewe nitalipeleka kwa mama muuza vitumbua likafungiwe bidhaa. Inakwenda hivi: Porsche ya kweli ni ile inayopozwa kwa hewa, tangu waweke maji utamu umekwisha. Utaikuta kwenye majarida, utaikuta kwenye maelezo ya wauzaji, na utaikuta mdomoni mwa jamaa ambaye gari pekee alilowahi kumiliki ni Vitz, tena rejeta yake inavuja. Wote wanaisema kwa sauti ileile ya mtu anayetoa siri ya ukoo.

Mimi naipenda Porsche 911 kuliko inavyomfaa kijana wa mshahara wangu. Ndiyo maana sentensi hiyo inanikera. Imekaririwa. Anayeisema hajajiuliza feni iliyo nyuma ya gari inahusiana vipi na mikono iliyoshika usukani mbele.

Kwa wale ambao magari si ugonjwa wao, nieleze kwa kifupi. 911 ilioneshwa kwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963 ikiitwa 901. Peugeot wakalalamika kwamba majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati ni yao, Porsche wakabadilisha wakaiita 911, na ikaanza kutengenezwa 1964. Injini ina silinda sita zilizolala, tatu upande huu na tatu upande ule, na imewekwa nyuma kabisa, nyuma ya ekseli ya magurudumu ya nyuma. Haikuwa na rejeta wala maji. Feni kubwa inapuliza hewa kwenye silinda, basi. Mpango huo ulidumu mpaka gari la mwisho la aina hiyo, linaloitwa 993, lilipotoka kiwandani Machi 1998. Mrithi wake, 996, alikuwa ameshazinduliwa mwaka 1997 akiwa na maji. Hapo ndipo waumini wakachora mstari wao: upande huu dhahabu, upande ule bati.

Mimi nasema mstari umechorwa pasipo pake. Ndani ya hiyo miaka 34 ya hewa mna magari mawili tofauti, na ukuta kati yao ulijengwa mwaka 1989. Anayeweka 911 ya 1972 na ya 1995 kwenye kapu moja kwa sababu zote zina feni hana tofauti na anayeweka popo na kunguru kwenye tundu moja kwa sababu wote wanaruka.

Tuanze na ya zamani. Ile ya kwanza ilikuwa na injini ya lita 2, nguvu za farasi 130, na uzito wa kama kilo 1,080. Usukani hauna pawa: ni mkono wako, chuma, tairi, barabara. Breki hazina ABS. Chini hakuna springi za koili kama zile unazoziona fundi akizibadilisha kwenye Corolla, bali kuna vyuma virefu vinavyojisokota gari linapopanda na kushuka. Na kwa kuwa injini yote imening'inia nyuma, karibu asilimia 60 ya uzito iko kwenye magurudumu ya nyuma, pua nayo ni nyepesi.

Nyepesi kiasi gani? Kiasi kwamba Porsche wenyewe walifikia hatua ya kuweka vipande vya chuma vya kilo 11 kwenye kila kona ya bampa ya mbele ili pua itulie. Wajerumani wale tunaowasifia kwa uhandisi walikuwa wanapanga uzito kama kondakta anavyopanga abiria wanene kwenye Hiace. Kwa magari ya mwaka wa 1969 wakasogeza magurudumu ya nyuma kwa milimita 57, na betri wakaigawa mbili, moja kila kona ya mbele. Gari likawa bora zaidi. Lakini tabia yake ilibaki palepale, na nitaieleza sasa hivi.

Kisha njoo 1989. Likaja gari linaloitwa 964. Ukilitazama kwa haraka ni lilelile: taa zilezile, paa lilelile, milango ileile. Porsche wakasema asilimia 85 ya vipande vyake ni vipya, na ukiinama chini unaamini. Vile vyuma vya kujisokota vimeondoka, zimekuja springi za koili. Usukani una pawa. Breki zina ABS. Injini imekuwa ya lita 3.6 yenye nguvu za farasi 250. Na la kwanza kutoka lilikuwa Carrera 4, linaloendesha magurudumu yote manne, lenye kilo kama 1,450. Linganisha na ile 1,080 ya baba yake. Likafuata 993, lililooneshwa 1993, lenye gia sita, nguvu za farasi 272, kilo 1,370, na mfumo mpya kabisa wa kushikilia magurudumu ya nyuma, wenye mikono mingi iliyofungwa kwenye fremu yake ya aluminiamu.

Kati ya yote haya, feni imebadilisha nini? Hakuna. Feni ilikuwepo kabla na ilikuwepo baada. Kilichobadilika ni kila kitu kingine.

Nimeziendesha zote mbili, siku moja, barabara moja: ile inayopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, kama kilometa 33 za kona juu ya kona, malori ya kabichi yakiteremka upande wa pili. Ya kwanza ilikuwa 911 T ya 1972, ya pili 993 ya 1995. Wenye magari walikaa kiti cha abiria, na mmoja wao hakuachia mkono wa mlango mpaka Soni. Simlaumu.

Ile T ya 1972 ukiwa unaitoa kwenye maegesho unajuta. Usukani mzito, klachi inataka paja, na lile giaboksi la mwaka ule halipendi haraka. Ukilazimisha gia ya pili linakung'ata, ukisubiri nusu sekunde linapokea kwa adabu. (Ndiyo, huu ndio mwaka ule walioweka kifuniko cha oili ubavuni nje, upande wa kulia nyuma, na wahudumu wa vituo vya mafuta wakawa wanamimina petroli humo. Mwaka uliofuata wakakirudisha ndani.) Ukishatembea, yale malalamiko yote yanayeyuka. Usukani unakuwa mwepesi na haukai kimya hata dakika moja. Kila kiraka cha lami unakisikia kwenye viganja, kila mteremko wa ukingo wa barabara, kila mahali mchanga umemwagika. Ukiubana unachoka. Unaushika kama unavyoshika kifaranga, unauacha ucheze kidogo ndani ya mikono yako, na unashangaa kwamba gari linajua njia.

Hili tulielewe vizuri kwa sababu ndiyo roho ya mjadala. Tairi linapokata kona, mpira unajipinda pale unapogusa barabara, na unataka kurudi kuwa wima. Nguvu hiyo ya kutaka kurudi inapanda kupitia chuma mpaka kwenye usukani. Tairi likikaribia kuteleza nguvu hiyo inapungua, na mkono unajua kabla jicho halijajua. Kwenye magari mengi ya enzi zile usingeweza kuisikia vizuri, kwa sababu injini ilikaa mbele, ikalemea magurudumu, ukabaki unapigana na uzito. 911 ina pua nyepesi na matairi membamba, zile za mwanzo zilivaa tairi za upana wa milimita 165 tu. Kwa hiyo usukani wake ulibaki mwepesi bila kusaidiwa, na kwa kuwa hausaidiwi, habari inafika haijakatwa.

Huo ndio utamu. Umetoka kwenye pua nyepesi, na pua nyepesi imetoka kwenye injini kukaa nyuma, gari kuwa na kilo chache, na usukani kukosa pawa. Itafute feni kwenye orodha hiyo.

Sasa tabia niliyoahidi. Uzito uleule unaoifanya pua iwe nyepesi uko nyuma kama nyundo kwenye ncha ya mpini. Umeingia kona kwa kasi kidogo kuliko ulivyokusudia, unaogopa, mguu unaachia mafuta. Ndivyo mwili wa binadamu ulivyoumbwa. Papo hapo uzito unakimbilia mbele, tairi za nyuma zinapungukiwa na mzigo, pembe ya magurudumu ya nyuma nayo inabadilika kwa sababu ya namna yalivyofungwa, na mkia unaanza safari ya kukupita ili ufike Mombo kabla yako. Kwenye gari hili ukiogopa unatakiwa uendelee kukanyaga. Breki unamaliza ukiwa bado umenyooka, unaingia kona pole, kisha unakanyaga mafuta taratibu ili mkia ukae chini. Mwenye gari aliniambia haya kabla sijawasha, akarudia mara tatu, na wakati wa kuteremka akarudia ya nne bila kuulizwa.

Nikahamia kwenye 993. Ndani unaingia nyumba ileile: kioo cha mbele kimesimama wima, saa tano zimepangwa mstari, pedali zinaota kutoka sakafuni, ufunguo uko kushoto. Nyuma feni inavuma vilevile, kwa sauti nzito zaidi. Kwa masikio na macho ni ndugu wa damu. Kisha unakata kona ya kwanza na undugu unakwisha. Usukani unazungumza bado, tena vizuri kuliko magari mengi niliyoyashika, lakini kama T ilikuwa inakusomea barua nzima, huyu anakupa kichwa cha habari na aya ya kwanza. Vile vitikisiko vidogo vya viganjani vimechujwa. Kona ambazo T ilinitaka nifikirie, 993 ilipita huku nikitazama mashamba. Kwenye mteremko niliachia mafuta katikati ya kona, kwa makusudi, kwa kasi ya mtu mwenye akili. Pua ikajikunja ndani kidogo, basi. Mkia haukuwa na habari. Kazi ya ule mfumo mpya wa nyuma ndiyo hiyo: kuzuia magurudumu yasigeuze pembe vibaya mguu unapoondoka.

Ni gari bora, silipingi hata kidogo. Lina kasi zaidi, salama zaidi, breki zake ni za dunia nyingine. Lakini wewe uliyeniambia kwamba hewa ndiyo inayoleta mguso, nieleze: hewa ipo, mbona nusu ya mguso haipo?

Halafu geuka umtazame huyo 996 wa maji anayetukanwa. Usukani wenye pawa ya oili, kama 993. ABS, kama 993. Gia sita, kama 993. Magurudumu ya nyuma yameshikwa na mikono mingi, kama 993. Na uzito? Carrera ya kwanza ya 996 ilikuwa na kilo 1,320, yaani pungufu ya kilo 50 kwa 993. Kama wepesi ndio uzee wenyewe, huyu wa maji kamsogelea babu kuliko yule wa feni! Ungenijaza pamba masikioni na kunificha dashibodi, ningekwambia 993 na 996 ni kaka na mdogo wake, na ile T ya 1972 ni mzee wa kijiji kingine kabisa.

Wanaomchukia 996 wana manung'uniko yao ya haki. Ile beringi ya shafti ya kati imeua injini za watu na kuvunja mioyo yao. Taa zake za mbele zilifanana mno na za ndugu yake wa bei nafuu, Boxster. Ndani plastiki nyingi. Sawa, hayo yote nakubali. Lakini beringi si maji, taa si maji, plastiki si maji.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo nitaiheshimu, nayo ni sauti. Injini isiyozungukwa na maji haina blanketi. Unasikia vyuma, unasikia mnyororo, unasikia feni ikinyonya hewa, na baada ya safari kuna harufu ya oili ya moto ambayo mwenye ugonjwa huu anaweza kuinusa kama udi. (Oili nayo inabeba sehemu kubwa ya kazi ya kupoza, injini hizi zinakunywa zaidi ya lita 10, kwa hiyo hata hilo jina la hewa ni nusu ya ukweli.) Anayesema anakosa sauti ile, namwelewa na ninamuunga mkono. Ila aseme sauti. Asiniambie usukani.

Na kama hewa ina roho, mbona haiwapi wengine? Volkswagen Beetle ina injini nyuma inayopozwa kwa hewa, na ni babu wa 911 kwa damu. Beetle ilishinda Safari Rally, ile ya kwetu Afrika Mashariki, mwaka 1954, 1957 na 1962. Hongera zake. Sijawahi kusikia mtu akitokwa machozi kwa ajili ya usukani wa Beetle.

Mfano mkali zaidi uko Marekani. Chevrolet Corvair, iliyouzwa kuanzia mwaka wa 1960 mpaka 1969: silinda sita zilizolala, nyuma ya gari, zinapozwa kwa hewa. Mpangilio ni uleule wa 911. Mwaka 1965 Ralph Nader akatoa kitabu chake Unsafe at Any Speed, na sura ya kwanza ikaichambua Corvair kwa jinsi mkia wake ulivyoweza kumgeuka dereva. Serikali ya Marekani ilifanya majaribio baadaye, na mwaka 1972 ikasema gari lile halikuwa baya kuliko wenzake wa wakati ule, lakini jina lilikuwa limeshachafuka. Mkia wa Mmarekani unaitwa hatari, mkia wa Mjerumani unaitwa tabia. Hewa ni ileile.

Tukirudi Safari, maana hapo ndipo sisi tuna haki ya kusema neno kuhusu gari hili. 911 haikuwahi kuishinda Safari Rally katika miaka yake mikubwa. Ilikuwa ya pili 1972 mikononi mwa Mpoland Sobiesław Zasada, ya pili 1974 mikononi mwa Björn Waldegård akiwa na Carrera RS, na ya pili tena 1978 mikononi mwa Vic Preston Jr. wa Kenya, ambaye baba yake ndiye aliyeshinda 1954 na Beetle. Waldegård huyohuyo aliishinda Safari mara nne, 1977 kwa Ford, kisha 1984, 1986 na 1990 kwa Toyota, zote za maji. Alikuja kuonja ushindi wa Afrika Mashariki na 911 mwaka 2011, kwenye mashindano ya magari ya kale, akiwa mzee wa miaka 60 na ushee.

Kwa nini Porsche waling'ang'ania kuileta huku? Faida yake ilikuwa wazi kwa fundi yeyote. Hakuna rejeta ya kutobolewa na jiwe. Hakuna mpira wa maji wa kupasuka katikati ya nyika. Ukikwama topeni saa nzima hakuna maji ya kuchemka. Na uzito wa injini juu ya magurudumu yanayosukuma unayapa meno kwenye tope. Hiyo ndiyo kazi ya hewa: kupunguza vitu vya kuharibika. Wenye kiwanda wenyewe waliichukulia hivyo, kama kifaa. Walipotaka vali nne kwa kila silinda, kwa ajili ya nguvu na moshi safi, hewa haikutosha kupoza vichwa vya namna hiyo. Gari lao la 959, la mwaka 1986, lilikuwa tayari na silinda za hewa na vichwa vya maji. Sheria za kelele nazo zikabana. Wakaiacha feni, na mwaka 1998 wakaizima bila hitma.

Ibada ilikuja baadaye, na ilikuja na bei. Mstari wa 1998 una faida moja kubwa kwa muuzaji: unaonekana. Mguso wa usukani huwezi kuupiga picha, lakini feni unaweza. Ukiambiwa magari ya hewa hayatatengenezwa tena, kila 993 inakuwa kama kiwanja cha Oysterbay. Bei zikapanda, magari yakaingia kwenye gereji zenye kiyoyozi, na yakaacha kuendeshwa. Gari ambalo sifa yake yote ni kuendeshwa!

Angalia wanachonunua matajiri wenyewe. Kuna kampuni inaitwa Singer, ilianzishwa Los Angeles mwaka 2009 na Rob Dickinson, mwanamuziki wa zamani wa Uingereza. Wanachukua 964, wanaivua nguo zote, wanaivisha sura ya 911 za miaka ya 1960 na 1970, na mteja analipa hela ambayo ingejenga shule. Msingi ni wa gari lililotengenezwa baada ya ule ukuta wa 1989, sura ni ya kabla yake. Kazi yao ni nzuri mno, sitanii. Lakini ni ushahidi wa upande wangu: wenye pesa wanataka uso wa babu na chini pa mjukuu.

Mtu ataniuliza, haya ya watu wa Stuttgart na Los Angeles yanatuhusu nini sisi tunaogombania siti za daladala? Yanatuhusu kwa sababu porojo hii ina toleo lake la mjini hapa. Nimewasikia vijana wenzangu Dar es Salaam wakijisifia kuchomoa fyuzi ya ABS kwenye Altezza ili gari liwe na roho. Wameipata wapi? Kwenye kurasa hizihizi za magari, zilizowafundisha kwamba teknolojia inaua mguso na kwamba kila cha zamani kina ukweli ndani yake. Hawakuambiwa kwamba Altezza ina injini mbele na kilo zake nyingi, na kwamba kuiondolea ABS hakuipi hata punje ya kile nilichokisikia kwenye viganja vyangu pale Soni. Wanachopata ni nusu ya pili tu ya mkataba, ile ya mkia na mtaro.

Na kwenye 911 ya zamani zile nusu mbili hazitenganishiki. Pua nyepesi inayokuletea barabara mikononi na mkia mzito unaotaka kukuua vimezaliwa tumbo moja. Wahandisi wa 1989 na 1993 walilijua hilo, wakaamua kuuza sehemu ya kwanza ili wapunguze ya pili, na nadhani waliamua sawa, maana gari wanauziwa watu wenye watoto. Mimi, nikiulizwa ni lipi ningelirudisha tena kwenye kona zile kesho asubuhi, nalitaka lile la 1972. Nikiulizwa ni lipi ningempa mdogo wangu, sifikirii mara mbili, ni 993. Sitamdanganya kwamba ni gari moja.

Kwa hiyo wenzangu mnaoandika habari za magari, nawaomba kitu kidogo. Mkikuta 911 ya hewa inasifiwa, ulizeni ni ya mwaka gani. Ulizeni usukani una pawa au hauna, ina kilo ngapi, imeshikwa na nini nyuma, na aliyeiandika aliiendesha au aliipiga picha. Akijibu "ni ya feni," mjue hajajibu. Na anayebisha kuhusu 1989 ninampokea kwa mikono miwili: alete 911 mbili, moja kila upande wa ukuta, tukutane Mombo asubuhi kabla ya malori ya kabichi. Mafuta nalipa mimi, ikibidi kwa mkopo.